Mzee wa Mbwa na Dabo Wake

Mtaani kila mtu alimwita Mzee wa Mbwa. Mimi nilimwita mzee tu, kwa sauti ya mtu anayemwita babake, na nalisema hilo mapema ili ijulikane nilianzia wapi. Alikuwa jirani yangu wa mlango kwa mlango katika nyumba za safu upande wa Makadara, Nairobi, miaka ya sabini, nami nilikuwa mwalimu kijana wa shule ya msingi, sijaolewa, mali yangu kitanda, stovu na sanduku la vitabu. Yeye alikuwa na mbwa kumi na mmoja. Si wale mbwa tuliowazoea mitaa yetu ya Eastlands, wa kulala chini ya kibanda cha mboga na kubwekea kila mpita njia. Wake walikuwa wafupi wa miguu, warefu wa mgongo, masikio yananing'inia, tumbo karibu liguse vumbi. Jina lao ni daksundi. Watoto wa mtaa waliwaita mbwa soseji na wakamaliza maneno.

Nilimpenda mzee huyo, kisha akanidanganya, na uongo wake ukanifanya nimtendee kiumbe asiye na hatia jambo ambalo siwezi kulifuta. Nitafika huko. Kwanza nataka mumwone alivyokuwa, maana angekuwa mtu mwovu wa kujulikana nisingeumia hivi.

Alikuwa amefanya kazi miaka mingi ya kutunza mbwa kwa Mzungu mmoja upande wa Muthaiga. Mzungu alipofunga virago, mzee aliachiwa mbwa wanne na koti la mvua. Koti hilo alilivaa Januari na Julai, jua likiwaka na mvua ikinyesha, mifuko imejaa vipande vya mapafu ya ng'ombe yaliyochemshwa. Ukikaa naye karibu ulinuka supu. Jumapili asubuhi, watu wakitoka kanisani, yeye alikuwa akirudi kutoka uwanjani na mbwa wake kwa mstari, na akina mama walisimama kucheka, kwa sababu kwa mbali ulidhani ni kitu kimoja kirefu kinachotambaa. Hakukasirika kamwe. Alivua kofia, akawasalimu, akapita.

Alikuwa na adabu zake. Kulikuwa na mama mmoja Mwislamu kutoka Majengo aliyekuja kuuza mahamri mlangoni kwetu, na mama huyo hakutaka mate ya mbwa yamguse. Mzee akisikia sauti yake tu, aliwafungia mbwa wote ndani, akavua lile koti, akanawa mikono kwa sabuni hadi viwikoni, ndipo akatoka kununua. Akamsalimu kwa Kiislamu, vizuri kuliko mimi niliyesoma. Mama yule aliniambia mara moja, "Huyo mzee wako ana heshima. Mbwa zake ni haramu kunigusa, lakini yeye ni mtu."

Mzee wangu. Hata yeye alisema hivyo.

Alinifundisha rangi kwa maharagwe. Nilikuwa nimekaa mlangoni na ungo, nachambua maharagwe ya mchanganyiko niliyouziwa sokoni, yeye akavuta kigoda, akaanza kuyatenga bila kuombwa. Yale mekundu yakawa lundo.

"Hii ndiyo nyingi, mwalimu. Ukiona daksundi mahali popote, ujue karibu kila mara utakuta ni mwekundu. Mwekundu wa matofali, mwekundu wa kahawia, mwekundu aliyepakwa masizi mgongoni, wote ni nyekundu tu."

Kisha akatoa punje za njahi, nyeusi zenye ukingo mweupe, akaziweka kando, chache kuliko zile za kwanza lakini za kutosha. Hao walikuwa weusi wenye nyusi za rangi ya kahawia na soksi za rangi hiyo hiyo, ambao nao si wa kutafuta kwa tochi. Halafu rangi ya chokoleti, punje mbili tatu. Halafu ya malai, ambayo hakuwa na haragwe lake akaonyesha kwa jino langu. Mwisho akaokota punje za rozikoko, zenye mabaka, akazishika kiganjani.

"Na huyu ni dapo. Wa madoadoa. Huyu haonekani ovyo."

Akaendelea na manyoya. Mafupi ndiyo ya kawaida, alisema, ya kung'aa kama kiatu kilichopigwa rangi. Marefu ya kupeperuka ni machache. Na wapo wenye manyoya magumu kama brashi ya kusugulia sufuria, na ndevu juu yake kama wazee wa baraza la kanisa. Hao hapa Nairobi alikuwa amemshika mmoja tu maishani mwake. Nilicheka nikamwambia aje afundishe darasa langu la sita. Akafurahi kama mtoto. Maharagwe nikayarudisha yote pamoja, nikayapika.

Msemo wake ulikuwa mmoja: "Wa kawaida ni wa kawaida." Alikuwa akiusema kwa wateja waliotaka kudanganywa, na walikuwa wengi. Mwenye bucha wetu, ambaye ndiye aliyempa mifupa ya bure, alikuja kuchukua mtoto wa mbwa na akataka aandikiwe kwamba ni rangi adimu. Mtoto alikuwa mwekundu mwenye ncha nyeusi za manyoya.

"Sema tu ni chokoleti, mzee. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Ni neno tu!"

"Huyo ni mwekundu. Wa kawaida ni wa kawaida."

Bucha akaondoka na mbwa wake, na mifupa ya bure ikakoma. Kwa muda mrefu nilimwona mzee akiteremka kwa miguu hadi soko la Gikomba na gunia begani kutafuta matumbo na kwato, na akirudi anachechemea. Nilimwambia angelisema hilo neno akaepuka taabu. Akanitazama kama ninayemtukana. Mnaona basi. Huyu ndiye mtu niliyemwamini, na sikumwamini kijinga, nilikuwa na sababu zangu.

Tena nilikuwa sehemu ya kazi yake. Kila mtoto wa mbwa aliyetoka kwake alitoka na kadi, na kadi niliandika mimi, kwa sababu mwandiko wake yeye ulikuwa wa kuku na wangu ulikuwa wa ubaoni. Baba: mwekundu, manyoya mafupi. Mama: mweusi, manyoya mafupi. Mtoto: mwekundu. Alisimama nyuma yangu akipumua, akihakikisha sikosei. Nilijisikia mtu wa maana sana.

Kulikuwa na mambo yake ambayo sikuyaelewa, na sikuyauliza vya kutosha. Mbwa wake hakuwapa majina. Aliwaita kwa rangi: Mwekundu wa Kwanza, Mwekundu Mzee, Njahi. Kulikuwa na jike mmoja aliyeishiwa meno, na mzee alimtafunia nyama mwenyewe, akamtolea kinywani, akamlisha kwa vidole. Siku jike huyo alipokufa, alimtia kwenye gunia, akaenda kumzika, akarudi, akaja kwangu kuniomba chumvi. Uso mkavu kabisa. Nikadhani ni uanaume wa wazee. Na ukimuuliza jambo asilotaka kulisema, alikuwa na jibu la kufungia mlango: "Ni sheria ya kazi."

Jibu hilo alinipa siku nilipomuuliza kwa nini dume wake wa madoadoa na jike wake wa madoadoa hawakuwahi kukaa kizimba kimoja.

"Madoadoa hapandi madoadoa."

"Kwa nini?"

"Ni sheria ya kazi, mwalimu."

Nikaachia hapo. Mwalimu mzima, ninayewaambia watoto waulize maswali.

Sasa nije kwenye hilo neno. Dapo lilikuwa neno la kazi, na mtaani hakuna aliyelijua. Lakini mzee aliwahi kumsikia Mzungu wake akisema "dabo dapo", na akalisema siku moja mbele ya vijana. Basi. Dapo likaanguka, dabo likabaki. Dabo kila mtu alilijua. Chapati dabo ni shibe, kitanda dabo deka ni raha ya watoto, kitu kikiwa dabo kimekuwa bora mara mbili. Hakuna aliyewaza kwamba dabo yaweza kuwa mara mbili ya ubaya. Wakaanza kuja vijana wa suruali pana za miguu ya tembo, kutoka Buruburu na kwingineko, wale waliopata kazi mpya mjini na wanataka kuonekana.

"Sasa mzee. Sitaki hiyo nyekundu, nyekundu kila mtu ako nayo. Mimi nataka dabo."

"Dabo hakuna."

"Si umpandishe basi? Uko na dume, uko na jike, wote madot-dot. Shida iko wapi?"

"Hakuna."

Alikataa mwaka mzima. Nilimwona akikataa, nikasifu moyoni. Kisha nikaenda nyumbani kwa mama likizo ya Agosti, na niliporudi kulikuwa na ukimya kwa jirani ambao sikuuelewa. Mzee hakuja kunisalimu siku ya kwanza wala ya pili. Siku ya tatu alikuja na kikapu. Ndani yake kulikuwa na mtoto wa mbwa mweupe, na madoa matatu ya kijivu yaliyomwagika mgongoni, na jicho moja la buluu.

"Wako," akasema. "Umeniandikia kadi nyingi. Huyu si wa kuuza."

"Mzee! Huyu ni rangi gani?"

"Huyu ni dabo. Sijawahi kumshika mwingine kama huyu."

Hakudanganya hapo, mnaona. Maneno yote yalikuwa kweli. Nililia kwa furaha, nikaubusu mkono wake mbele ya watoto wa mtaa wakashangilia. Mbwa nikamwita Chaki. Mzee alisimama akiangalia upande wa pili.

Chaki alikuwa mzuri, na hakuwa msikivu. Namwita haji. Namkataza haachi. Nikiingia mlangoni hainuki mpaka nimguse, na nikimgusa anaruka kwa hofu na wakati mwingine ananiuma. Wiki za kwanza nilisema ni mtoto. Mwezi wa tatu wa kukaa naye nilimwuliza mzee.

"Mzee, huyu mbwa wako hasikii."

Naapa nilisema hivyo. Hasikii, kama tunavyosema mtoto mtundu hasikii, kwamba hatii. Neno lenyewe nilimpa mkononi, angelipokea tu.

Akapapasa mifuko ya koti lake. Halafu akasema, "Ana kiburi. Hao wa rangi adimu wana kiburi. Usimdekeze."

Nami sikumdekeza. Nilikuwa mwalimu, nilijua la kumfanya mwenye kiburi. Nilichukua slipas yangu ya mguuni. Namwita mara moja, mara mbili, mara ya tatu nampiga. Asubuhi kabla ya kwenda shule, jioni nikirudi. Nilikuwa nikipiga kelele pia, "Chaki! Nimekuita! Hunisikii?" Yeye analia, anajikunja chini ya kitanda, kesho yake ni vilevile. Mwaka mmoja. Nasema mwaka mmoja kwa sababu nimeuhesabu, kutoka Novemba hadi Novemba.

Mwezi huo alikuja daktari kijana wa mifugo kuchanja mbwa uwanjani, na sisi wenye mbwa tukapanga foleni. Zamu ya Chaki ilipofika, kijana huyo alimshika kidevu, akamwangalia macho, akamwangalia manyoya. Halafu akaenda nyuma yake, akapiga makofi kwa nguvu, mtaa mzima ukageuka. Chaki akaendelea kunusa kiatu changu.

"Mwalimu, huyu hasikii."

"Najua. Ana kiburi."

"Kiburi gani? Huyu ni kiziwi. Kabisa, masikio yote mawili. Amezaliwa hivyo."

Nikamwambia haiwezekani. Akanieleza pole pole, na foleni ikisikiliza nyuma yangu: ukipandisha wa madoadoa na wa madoadoa, baadhi ya watoto hutoka weupe hivi, na weupe huo mara nyingi huja na uziwi, au upofu, au vyote viwili.

"Aliyekupa hakukwambia?"

"Labda hajui."

"Kama anafuga hawa, anajua. Hilo ndilo la kwanza kufundishwa."

Nilimbeba Chaki hadi kwa mzee. Alikuwa anakoroga sufuria ya mbwa. Nilimwambia yote aliyosema daktari, nikimwomba kwa macho akatae, aniambie Mzungu wake hakumfundisha. Hakuinua kichwa.

"Huyo ni daktari wa ng'ombe," akasema.

Akaendelea kukoroga. Hakuniambia pole, hakunikaribisha, hakunifukuza. Kabla ya Krismasi bintiye aliyekaa Donholm alikuja na pikapu, wakapakia mbwa, sufuria na kigoda, akahama. Sikutoka kumuaga. Nilisimama nyuma ya pazia nimekasirika, na katikati ya hasira nilitamani agonge mlango.

Baada ya hapo nilijifunza kusema na Chaki. Nilikanyaga sakafu kwa kisigino ili ahisi ninakuja. Nilimwonyesha kwa mikono: njoo, kaa, chakula. Alikuwa na akili kuliko nusu ya darasa langu. Lakini kila nilipoinua mkono kumwita, kabla ya kuja, alijikunja kwanza. Nilimlisha kwa mkono huo, nikamkuna kwa mkono huo, nikalala naye kitandani, na hakuacha kujikunja. Mkono ndio ulikuwa sauti pekee niliyobakiwa nayo kwake, na mwaka wa kwanza nilikuwa nimeshauharibu. Aliishi nami miaka kumi hivyo. Nilipoolewa nilikwenda naye, na mume wangu aliniuliza nani alimpiga huyu mbwa. Nilimwambia sijui.

Mzee nilikutana naye mara moja tu tena. Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini, Gikomba, upande wa maseremala, nilikokwenda kutafuta rafu ya vitabu. Alikuwa amekaa juu ya rundo la mbao akisubiri kigoda chake kitiwe mguu mpya. Amekonda, koti ni jingine, la mitumba, kubwa kwake. Ningeweza kupita. Alinitambua yeye.

"Mwalimu."

"Shikamoo, mzee." Ilitoka yenyewe, sikuitaka.

"Marahaba. Yule mweupe yuko?"

"Alikufa mwaka jana. Uzee."

"Pole."

Nikakaa. Seremala alikuwa akipiga randa, na maranda yakaanguka miguuni petu.

"Mzee, ulijua?"

"Nilijua hata kabla hawajazaliwa. Vijana walinisumbua, nikasema nijaribu mara moja tu, pengine Mungu atasaidia. Walizaliwa watatu. Wawili hawakuwa na macho kabisa, niliwatia kwenye ndoo ya maji. Huyo alikuwa na macho. Nikasema huyu apate mtu."

"Kwa nini mimi?"

"Mwingine angemrudisha. Wewe nilijua hutamrudisha."

Aibu yangu ni kwamba maneno hayo yalinipendeza, kwa muda mfupi, kama zamani alipokuwa akisifu mwandiko wangu.

"Ungeniambia tu, mzee. Ningemchukua vivyo hivyo."

"Najua ungemchukua. Lakini ungejua ni mimi niliyempandisha. Mtaa mzima nilikuwa nimebakiwa na mtu mmoja anayeniona mtu wa kweli, mwalimu. Nilishindwa."

Hapo hasira ikanipanda upya, na nikataka aumie. Nilikuwa na jambo moja ambalo nilidhani hana habari nalo, nikamtupia.

"Nilimpiga. Ulisema ni kiburi, nikachukua slipas, nikampiga asubuhi na jioni, mwaka mzima. Kiziwi, mzee. Namwita, hanisikii, nampiga. Hilo hukulijua."

Mzee akatazama mikono yake.

"Nilikuwa nasikia," akasema. "Kila siku. Nilikuwa naongeza sauti ya redio."

Seremala akaleta kigoda, akakiweka chini, akakitikisa kuonyesha hakiyumbi. Mzee akanyoosha mkono nimsaidie kuinuka. Niliutazama mkono ule, nikachukua mkoba wangu, nikaondoka, na rafu sikununua.